Watu wa Bati Katika Bonde la Nzige

Kizwite, Sumbawanga
13 Aprili 1975

Mpwa wangu Kalisti,

Nimeumba mtu. Mimi mjomba wako Zenon, niliyefukuzwa na Mapadri nikiwa darasa la pili kwa kucheka katikati ya litania, nimeumba mtu wa bati anayetembea. Asubuhi anatoka kwenye kiwanda changu cha uhunzi, anakwenda mpaka kisimani, anampigia saluti mwenyekiti wa kijiji, anarudi. Jana nilimpa ugali akaukataa, akasema ameshiba upepo.

Basi, uongo. Hatembei. Amesimama nyuma ya nyumba kama mkwe aliyenyimwa kiti, na hiyo saluti ni mimi ninayevuta waya. Lakini kusimama anajua na mkono anainua. Mambo hayo mawili yaweke kichwani, nitayarudia baada ya salamu.

Salamu sasa. Huku tu wazima. Mama yako hajambo. Goti lake linamtangazia mvua kabla ya redio. Hizi nyumba mpya tulizohamishiwa zimepangwa mstari kama watoto wa shule wanaokaguliwa kucha, ukipiga chafya kwako jirani anakuombea kwake. Shamba letu la ulezi kule mlimani sasa ni la nyani, wamelichukua bila hata mkutano. Mahindi ya mwaka huu yalitoa ndevu, punje hayakutoa. Tunakula unga wa njano unaotuletea kwa mkono wa Flavian, dereva wa lori la kambi yenu ya kuua nzige. Dada yangu anausonga huku akiusema vibaya, lakini sufuria anaikwangua.

Na kwa kuwa nimemtaja Flavian, hapo ndipo penye shughuli yangu. Wewe ulituandikia kwamba kazi yako ni kushika bendera. Mama yako akaelewa kwamba kila asubuhi unapandisha bendera ya taifa mbele ya ofisi, na jioni unaiteremsha. Akawatangazia wanawake wote wa kanisani, mpaka wanamwita Mama Bendera, naye anaitika. Juzi nilimkalisha Flavian kwenye pombe ya ulezi nikamuuliza:

"Hiyo bendera ya Kalisti ina rangi ngapi?"

"Nyeupe tupu, mzee."

"Nyeupe? Kwani tumeshindwa vita na nani?"

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akanieleza. Kwamba zamani watu wenu walibeba pampu za dawa mgongoni na kuwafuata nzige ndani ya majani, wakaugua. Ndipo ikaletwa ndege ndogo, ichukue kazi ile ya hatari iwaondolee binadamu. Lakini rubani akiwa juu haoni ni wapi ameshamwaga na wapi bado, majani yote ni yale yale. Kwa hiyo anasimamishwa mtu mwisho wa mstari, anapunga kitambaa cheupe, na ndege inamlenga yeye.

Yaani mashine imeletwa kukuokoa na sumu, halafu wewe ukasimamishwa chini ya mashine. Nimeishi miaka mingi na wajinga, nami nimo, lakini hili sijaliona.

Sasa mtu wangu wa bati hana mapafu. Niandikie bendera ina ukubwa gani na majani yanafika wapi. Usiniandikie kwamba unaendelea vizuri. Hilo mama yako huniambia kila siku, naye hajui lolote.

Mjomba wako,
Zenon


Kambi ya Nzige, Bonde la Rukwa
20 Mei 1975

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na mama, na goti lake. Mimi ni mzima. Huku bondeni joto ni kali, si kama huko kwetu juu ambako mtu analala na blanketi mbili. Mvua zimekwisha, maji yameanza kupungua mbugani, na nzige wameota mabawa. Nimetuma unga mfuko mmoja. Mwambie mama asiumwagie maji yaliyochemka sana, ndiyo maana unafanya mabonge.

Mjomba, nakuomba usimweleze mama hayo ya Flavian. Flavian ana maneno mengi. Kazi si mbaya kama alivyosema. Rubani ni mtu mwema, akinikaribia anafunga dawa, anapita, kisha anafungua tena. Kinachonifikia ni manyunyu tu, kama umande. Nina mafua kidogo na macho yanatoa maji, lakini hiyo ni vumbi. Kuna kijana wa kutoka Mbeya anaitwa Andwele, tunapokezana, naye ana mafua hayo hayo.

Umeniambia nisiseme naendelea vizuri, basi sijasema.

Kuhusu mtu wako wa bati, tulicheka sana hapa kambini. Lakini hafai, mjomba. Ndege ikishapita mstari mmoja, mwenye bendera lazima asogee upande upepo unakotoka, ndipo ndege irudi kwa mstari wa pili. Na bendera lazima ipunge, kitambaa kilichotulia rubani hakioni. Majani yananifika kifuani, kwa hiyo angetakiwa awe mrefu kunipita, na awe mwepesi, na miguu yake ichongoke ili isimame kwenye tope lililokauka juu tu. Nakueleza haya ili ucheke, si kwamba nataka utengeneze.

Kitambaa ni upana wa shuka, nusu yake.

Umeniuliza, kupitia Flavian, kwa nini nisirudi nyumbani. Mjomba, mahindi yalitoa ndevu. Umeandika mwenyewe.

Mpwa wako,
Kalisti


Kizwite
15 Juni 1975

Kalisti, usiyetaka nitengeneze,

Huku salama. Mama yako amepunguza maji ya moto na mabonge yamepungua, sasa analalamikia rangi. Kuku wetu wawili wamehamia kwa jirani kwa hiari yao, bila hata lori. Baridi imeshuka vibaya, asubuhi majani meupe, na wazee tunaota moto wa kiwandani kwangu tukimsema kila aliye hai.

Sasa sikiliza akili ya mjomba wako. Nilihangaika siku nyingi namna ya kumfundisha mtu wa bati kutembea. Nikamfungia gurudumu, akaanguka kifudifudi kama Padre Mkuu kwenye Ijumaa Kuu. Ndipo nikajiuliza, kwani lazima atembee yeye? Kama mmoja hawezi kusogea, wawe ndugu! Nimewatengeneza watano. Mnawapanda mapema, kila mmoja mwisho wa mstari wake, ndege ikimaliza huyu inamlenga yule. Hakuna wa kusogea. Na mkono sivuti waya tena: nimeweka pangaboi la bati begani, kama yale wanayochezea watoto, upepo unalizungusha, beringi ya baiskeli inateleza, na mkono unapunga hata akiwa peke yake porini. Vichwa ni makopo ya mafuta ya taa. Mmoja nimemchora pua ya katibu kata wetu.

Katibu mwenyewe alikuja. Huyu Lutengano ni Mnyakyusa, msomi, anatembea na kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Alinikosa kwenye shamba la ujamaa akaja kunisaka kiwandani.

"Mzee Zenon, hawa ni nani?"

"Wanakijiji wapya, Ndugu Katibu. Bado hujawaandikisha."

"Siku ya kazi za pamoja wewe unachonga masanamu?"

"Masanamu? Hawa ndio wajamaa wa kweli. Hawali, hawagombani, hawaulizi trekta litafika lini."

Alitaka kukasirika. Nikamweleza kazi yao, na ya kwako. Akamzunguka yule mmoja, akamgusa mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na huyo kijana ni mtoto wa dada yako?" Nikamwambia ndiyo. Basi, jioni akaniletea kipande cha bati kilichobaki kwenye ujenzi wa ofisi. Pua yake hakuitambua.

Flavian anawaleta na barua hii. Sasa jambo moja, na hili si mzaha. Unajua sisi ni watu wa tanuru. Baba yangu, babu yako, aliyeyusha chuma hapa Ufipa kabla majembe ya dukani hayajaja, na tanuru lake lilipambwa kama bi harusi. Mwiko wa nyumba yetu ni huu: kazi mpya ya mhunzi haibebwi na mtu wa ukoo mwingine mpaka imalize msimu wake wa kwanza. Baba alimrudisha mtu wa Matai akiwa na majembe begani kwa sababu hiyo. Kwa hiyo hawa watano uwabebe wewe, uwasimamishe wewe, uwang'oe wewe. Wengine wasiwaguse.

Kisha ukae kivulini uwatazame wakifanya kazi, na uniandikie kwamba mjomba wako ni bingwa.

Zenon


Kambi ya Nzige
3 Agosti 1975

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hali zetu huku ni nzuri. Namsalimu mama, na kuku waliohama. Unga upo mifuko miwili mara hii, kwa sababu bwana mkuu wa kambi amefurahi.

Mjomba wewe ni bingwa. Watu wako wamefika salama, ila mmoja alipinda shingo njiani nikamnyoosha. Siku ya kwanza kambi nzima ilitoka kuwatazama. Upepo ulipovuma wakaanza kupunga wote watano, vijana wakapiga vigelegele kama wanawake. Rubani aliwalenga mmoja mmoja bila kukosea. Alipotua akawapigia saluti. Sasa mimi na Andwele hatusimami tena chini ya ndege. Tunakaa kivulini kama ulivyosema, mbali, upande upepo unakotoka.

Mwiko wa nyumba nimeushika. Hakuna aliyewagusa.

Barua hii nimemwomba Andwele aniandikie, kwa kuwa nilijikata kidole. Si kitu.

Mpwa wako,
Kalisti

Mzee Zenon, shikamoo. Ni mimi Andwele ninayeandika, na haya ya chini Kalisti hajui. Kidole hakina jeraha. Mikono yake inatetemeka hashiki kalamu.

Zamani rubani alikuwa anafunga dawa akimkaribia mtu. Kwa watu wa bati hafungi, kwa nini afunge? Bwana mkuu amesema sasa tumwage mpaka mwisho, tena ndege ipite chini zaidi. Watu wako wanalowa mpaka dawa inadondoka kwenye mikono yao. Kisha eneo likiisha lazima wang'olewe upesi wakasimamishwe eneo lingine, ndege inasubiri. Majani bado mabichi kwa dawa. Kalisti anaingia humo, anawakumbatia mmoja mmoja, anawaweka begani. Nimemwambia tugawane. Anasema ni wa mjomba wake, kuna mwiko. Wengine hapa wamefurahi kuwa kuna mwiko, mzee, nakueleza ukweli.

Juzi alianguka na mmoja wao juu yake.


Kizwite
24 Agosti 1975

Kalisti,

Sisalimu leo. Sote tupo.

Ule mwiko ni uongo. Nimeutunga mimi, hapa kwenye kigoda changu, nikiwa na kibuyu. Baba yangu hakumrudisha mtu yeyote wa Matai. Majembe aliyabebesha yeyote aliyekuwa na bega. Niliutunga kwa sababu ya beringi. Zile beringi nilizitoa kwenye baiskeli yangu mwenyewe, nami nawajua vijana wa kambi, beringi nzuri haikai nao. Nikasema nikiweka mwiko hawatazing'oa. Basi. Hakuna babu, hakuna tanuru, ni baiskeli.

Usiwabebe. Waache huko huko majanini, waoze, wapigwe na radhi zangu. Vua nguo ulizobebea uzichome. Oga kwa sabuni, si maji tu. Kunywa maziwa, mwombe Andwele akutafutie kwa wafugaji. Kisha panda lori.

Flavian hajafika tangu wiki iliyopita. Barua hii nampa mtu anayekwenda Namanyere, amesema atampata mtu anayeshuka bondeni. Nimemwapisha. Akisahau nitamfuata.

Mjomba wako


Kambi ya Nzige
28 Septemba 1975

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Barua yako ya Agosti imefika juzi. Ilikuwa kwenye lori, na lori lilikuwa Namanyere linangoja spea. Huku majani yamekauka, nzige wamepungua. Anayeandika ni Andwele, nimeshajua kwamba alikuandikia ya chini, tuligombana, tumepatana.

Kwa hiyo mjomba, ulitunga. Aliponisomea nilicheka mpaka Andwele akadhani nimeshikwa tena. Beringi! Hata hivyo hakuna aliyeziiba, ujue ulifaulu.

Lakini imenifikia nikiwa nimemaliza. Maeneo yote ya upande wa mto nilishawabeba.

Sitakuficha tena, kwa kuwa Andwele hakubali kuandika uongo, ameniambia niajiri mwandishi mwingine. Mikono haitulii, na mguu wa kushoto unakuja nyuma ya mwenzake. Nikishikwa naanguka kama mwenye kifafa, nikizinduka sijui nimeangukia wapi. Kikombe sishiki. Tonge Andwele ananikatia, halafu ananitania kwamba nimeoa. Mganga wa zahanati amenitazama akasema nipumzike. Nikamuuliza mpaka lini, akaanza kuzungumza na mtu mwingine.

Bwana mkuu si mtu mbaya. Amenipa kazi ya kukaa, kulinda stoo. Amewapenda watu wako, anataka ishirini kwa msimu ujao, atatuma karatasi kwa Flavian. Anasema sasa hakuna binadamu atakayeshika bendera tena. Andwele akamuuliza, "Na wa kuwabeba?" Akasema hilo ni la mipango.

Mjomba, nyumbani siji. Hapa kwenye stoo mgao wa unga bado ninao, nikiondoka unakatwa, nao ndio mnaokula. Na mama atanipa kikombe cha uji mbele ya watu. Mwambie napandisha bendera asubuhi, naiteremsha jioni.

Kalisti


Kizwite
12 Oktoba 1975

Mpwa wangu Kalisti,

Salamu nyingi. Huku joto limeanza, wingu linakuja kutuonyesha sura na kuondoka. Watu wanachoma majani mashambani. Kuku mmoja amerudi, mwenzake nadhani ameolewa. Lutengano amepata kalamu ya tatu. Aliniuliza habari zako nikamwambia, akakaa kiwandani kwangu mpaka moto ukazimika, na kazi za pamoja hakuzitaja.

Karatasi ya ishirini imefika. Nimeisoma mwenyewe, polepole, kwa ile elimu yangu ya nusu. Nimejibu nyuma yake: "Bwana mkuu, mtu wa bati ninaweza kumtengeneza asubuhi moja. Wa kumbeba alichukua miaka ishirini na miwili, na dada yangu hatengenezi tena." Nimeweka sahihi. Kisha mikono ya bati niliyokuwa nimeianza kwa ajili ya wengine nimeiponda juu ya fuawe, yote, na nyundo kubwa. Hao watano walioko kwenu mwambie Andwele achimbe shimo awazike mbali na maji. Asiwaguse kwa mikono, wafunge kamba awaburute. Beringi abaki nazo nani? Wazikwe nazo.

Sasa la mama yako. Nimemwambia. Ulinikataza, nami nimekataa kukatazwa. Sikumwambia vizuri, nilianza na utani kama kawaida yangu, nikasema, "Mama Bendera, unajua ile bendera?" na baada ya hapo utani ukanishinda, nikasema yote kwa mkupuo, na mwiko, na beringi. Alikuwa anapepeta. Aliweka ungo chini, akauliza:

"Bado anakula?"

"Anakula. Kijana wa Mbeya anamkatia tonge."

"Mama wa huyo kijana anaitwa nani?"

Nikasema sijui. Akasema niulize, ili amtaje kanisani. Kisha akanitazama. Mimi dada yangu amenitazama kwa hasira tangu tukiwa watoto, nimezoea, lakini hii haikuwa hasira na sijui ni nini, na tangu siku hiyo ananiwekea chakula na hasemi nami. Neno moja tu amenipa, la kukuandikia, nalo ni hili, naliandika kama alivyolisema: "Mwambie huo unga wake wa njano sijawahi kuupenda. Mbona tuliishi kabla yake? Mihogo ipo. Aje."

Kwa hiyo umesikia. Unga hautakiwi. Hicho ulichokuwa unajifichia nyuma yake kimeondolewa. Kikombe nacho nimekitazama: nitakuchongea cha mti, kizito, chenye masikio mawili, nawe uji utakunywa ndani kwangu, na atakayechungulia nina koleo za moto.

Sijui utapona. Nilikwenda kumuuliza Sista wa hospitali ya misheni, akaniambia akutazame kwanza. Hakuzungumza na mtu mwingine, alinitazama mimi, lakini hakuniahidi. Ndiyo hali, siipambi. Flavian atakulaza nyuma juu ya magunia, Andwele akufunge mkanda usianguke, na akiweza apande naye akushike.

Mwisho, nina haki yangu kwako. Siku lori la nzige lilipokuja kukuchukua, ulikuwa unaninyoa uani. Ulisikia honi ukaruka, wembe ukauacha kwenye beseni, na mimi ukaniacha nusu upara nusu msitu. Nilikwenda misa hivyo. Padre alikatisha mahubiri. Tangu hapo nimenyolewa na watu wengine, lakini ile nusu ya kulia hukunimalizia, na sijasamehe.

Wembe ninao, nimeunoa. Mkono ukitetemeka, utetemeke. Masikio ninayo mawili, na moja halisikii. Njoo unimalizie kichwa.

Mjomba wako,
Zenon